Kijana Aliyesimama Katikati ya Uwanja

...na mikono ile, mtu akitaka kuitia kasoro mikono ile ataanzia wapi, ndivyo alivyokuwa akiwaza Lavelle Tibbs, miguu ameinyoosha chini ya kiti cha mbele, barafu imefungwa kwa plastiki kwenye goti la kushoto na maji yake yanachuruzika taratibu hadi ndani ya soksi, kahawa mkononi imepoa, macho yameelekea ukutani, kwenye video ya futiboli ya Kimarekani, ambako kijana aitwaye Kelvaris Sumrall alikuwa anaruka tena na kuudaka mpira tena, kwa vidole tu, mpira haugusi kifua, kama mtu anayechukua kofia yake msumarini akitoka nyumbani, na Kocha Maslanka gizani kando yake alikuwa anatafuna, maana Maslanka hawezi kutazama video bila mfuko wa karatasi mapajani, mikate midogo iliyojazwa soseji ya pilipili, mafuta yanapenya karatasi hadi kwenye suruali, "Hebu mwone huyu mtoto, mzee," Maslanka akasema, na Tibbs akasema, "Namwona, Kocha," akisikia lile neno mzee likikaa mahali pake, miaka thelathini na mitatu, kwingine kote duniani mtu wa umri huo ndiyo kwanza anaanza kuaminiwa kazini, humu chumbani ni babu, wenzake wanamwomba asimulie habari za zamani, halafu wanachezea simu kabla hajamaliza, na kijana ukutani akatua, akageuka, akampita beki mmoja bila kuongeza kasi, hilo ndilo lilimkera Tibbs, kwamba hakuongeza kasi, alibadilisha tu wazo na beki akaanguka, Tibbs alilijua jambo hilo kwa ndani, aliwahi kuwa nalo, lilikuwa likikaa hapa kwenye nyonga, na siku moja, asingeweza kusema siku gani, likaondoka bila kuaga, kama mpangaji anayehama alfajiri... Denita naye, leo asubuhi jikoni, mke wake ambaye hajawahi kupenda mchezo huu, ambaye uwanjani husoma kitabu hadi asikie jina la mumewe, leo hii video ya kijana ikapita kwenye simu yake, akasimama na kijiko mkononi, akaitazama hadi mwisho, akasema kwa upole kabisa, "Anacheza kama ulivyokuwa unacheza wewe," kisha akarudi kukoroga uji wa shayiri, na Tibbs akamwangalia mgongo, akitaka kumuuliza hilo "ulivyokuwa" linaanzia lini, mwaka jana, mwaka juzi, mbona hukuniambia siku ile ile, lakini akasema tu kwamba atachelewa tiba ya goti, akatoka, theluji ya Aprili ikimpiga usoni kutoka ziwani, theluji ambayo hapa Erie haimshangazi mtu...

"Sasa tumtazame yule mwingine," Maslanka akasema, na ukutani akatokea Brecken Thole wa Oregon, mrefu kama nguzo ya umeme, anakimbia kama anafukuzwa na deni, akinyooka na mstari wa pembeni ni upepo, lakini ukimtuma katikati, kule ambako mabeki wanakuja na mabega, shingo inaanza kuingia mwilini kabla mpira haujafika, "Anaogopa," Tibbs alisema, "Anajifunza," Maslanka akasema, "Kujifunza kuogopa?" na Maslanka akacheka na mkate mdomoni, "Mpe miaka miwili," akasema, na hapo ndipo neno hilo lilipomwingia Tibbs kama maji ya moto kwenye vidole vilivyokufa ganzi, miaka miwili, Thole akichaguliwa leo jioni atahitaji miaka miwili ya kulelewa, na nani mlezi, nani atasimama katikati wakati huo akipigwa mabega, ni yeye, Tibbs, na goti lake na barafu yake, mkataba wake utaguswa kidogo na kuachwa uendelee, kiti chake cha kwanza mlangoni, chumba cha kubadilishia nguo, kitabaki chake, lakini Sumrall, Sumrall angekuwa tayari Septemba, Sumrall alikuwa tayari sasa hivi, na timu haiweki watu wawili wa kazi moja, kwa hiyo kilichokuwa kinaamuliwa ukutani pale hakikuwa Sumrall au Thole, kilikuwa Sumrall au Tibbs, na aliyeitwa kuamua ni Tibbs. Ndiyo ilikuwa desturi ya chumba hiki, hakuwahi kuisikia katika timu nyingine yoyote, Maslanka ndiye aliyeianzisha: siku ya uteuzi, timu zinapochukua kwa zamu vijana wanaomaliza vyuo, mpokeaji, yaani mdakaji wa mipira, aliye mkongwe kuliko wote huitwa chumbani, taa zinazimwa, anaonyeshwa wale ambao wakubwa wa ghorofa ya juu wanawafikiria, anaulizwa ungependa kukaa humu na nani, kwa sababu, husema Maslanka, wasaka vipaji wanapima miguu, wanapima vifundo, wanapima hata urefu wa vidole, lakini kilichomo ndani ya mtu anayekimbia kumfuata mpira anakijua aliyewahi kukimbia, maneno mazuri, na hakuna mtu jengoni asiyejua kwamba mkongwe anaombwa ampime atakayemrithi, na hakuna anayelitamka, ni kama mtu kuitwa aonje chumvi ya chakula cha matanga yake mwenyewe, aseme kama imekolea...

"Haya," Maslanka akasema, akajifuta vidole kwenye suruali, "sasa lile tatizo," na sauti yake ilikuwa imebadilika, na ukutani Sumrall akarudi, mechi nyingine, mvua, timu yake nyuma kwa pointi chache, amepangwa kulia, mpira ukaanza, kijana akatoka kwa nguvu, hatua, hatua, akafika katikati ya uwanja na kusimama, akasimama tu, akageuka na mikono yake iko wazi kifuani, na mpira ukapita juu yake, mbali kule mbele aliko beki peke yake, beki akaudaka kama zawadi, mechi ikaisha. "Juu wanasema huyo amekata tamaa," Maslanka akasema, "wanasema alichoka akaacha kukimbia, mrushaji alirusha mahali ambapo yeye alitakiwa awepo. Wamemshusha kwa mchezo huo mmoja. Nikampigia kocha wake kule Mississippi, naye akaapa, kijana alikosea, mrushaji alikuwa sahihi." "Kocha wake anasema hivyo?" "Anasema. Ila mrushaji ni mwanawe." "Mwanawe nani?" "Mwana wa kocha, mzee, mtoto wake wa kumzaa, wana pua moja." Tibbs akajikuta anacheka, wote wawili wakacheka gizani, kisha Maslanka akarudisha video nyuma, akasema, "Sasa niambie wewe. Alikata tamaa, au hakukata tamaa?" na akaachia tena, hatua, hatua, kusimama, mpira kupita, na Tibbs alikuwa ameshajua tangu mara ya kwanza. Alijua kabla mpira haujapita. Mchezo ule aliucheza nusu ya maisha yake, ni mchezo ambao mpokeaji hapewi njia, anapewa macho, anamtazama beki wa mwisho, beki akija mbele unaendelea kukimbia umwache nyuma, beki akirudi nyuma unasimama ghafla upokee hapo hapo, na mrushaji naye lazima amtazame beki yule yule na aone kile kile, watu wawili wenye mawazo mawili waone kitu kimoja kwa muda wa kupepesa jicho, na kijana aliona, huyo pale, kabla tu ya kusimama kofia yake iligeuka kidogo kushoto, kumtazama beki, na beki alikuwa anarudi nyuma, mtu aliyechoka hageuzi kichwa, mtu aliyechoka anaangalia chini, mwana wa kocha ndiye hakuona, mwana wa kocha alirusha kule alikotamani, na asiyeujua mchezo anaona nini, anaona kijana mvivu amesimama kwenye mvua... Na mimi nisiposema, akawaza, na wazo hilo halikuja kama mwizi, lilikuja kama mgeni aliyealikwa, likavuta kiti, mimi nikisema tu, "Sijui, Kocha, picha haionyeshi vizuri," hilo si uongo, picha kweli ina mvua, Maslanka atashusha pumzi, atapanda juu, atasema Tibbs hana uhakika, watamchukua Thole na shingo yake, basi, hakuna mtu aliyeumizwa, kijana atachelewa kuitwa, atachukuliwa kesho na timu ya Cleveland au ya Pittsburgh, atakula, mama yake atalia kwa furaha kesho badala ya leo, tofauti iko wapi...

"Rudisha, Kocha," akasema. "Nirudishe wapi?" "Mwanzo." Si kwamba alihitaji. Alihitaji muda, na Maslanka akarudisha, akauweka mfuko wa mikate sakafuni, na mvua ikaanza kunyesha upya ukutani, na badala ya Sumrall, Tibbs akamwona Orrin Batiste, mkongwe wa wakati ule, Orrin mwenye ndevu zilizoanza mvi, aliyekuwa amekaa kiti hiki hiki mwezi huu huu, wakati Tibbs mwenyewe ndiye alikuwa anaruka ukutani, Orrin ambaye katika kambi ya kwanza hakumpa hata mkono, alimwambia mbele ya watu, "Miguu yako ina kelele, dogo, mabeki wanakusikia kabla hawajakuona," wote wakacheka, na Tibbs akamchukia msimu mzima huku akijifunza kunyamazisha miguu, na msimu uliofuata Orrin hakuwepo, kabati lake limefutwa jina, hakuna aliyemsindikiza, na miaka yote Tibbs alidhani ile ilikuwa dharau, mzee mwenye roho mbaya, hata kwenye harusi yake hakumwalika, na sasa, goti linawasha kwa baridi, alikiona kile alichokuwa nacho Orrin usoni, hakikuwa dharau, ni hiki hiki, hiki kinachokaa chini ya mbavu kama mfupa wa samaki, na hata akiwa nacho mtu yule alimwambia kuhusu kelele za miguu, angeweza kutomwambia... "Ulimuuliza Orrin kuhusu mimi?" akasema, na Maslanka, macho ukutani, akasema, "Nilimuuliza." "Alisema nini?" "Alikaa muda mrefu kama wewe ulivyokaa." "Halafu?" "Halafu akaniuliza kama kuna kahawa, bwana we, mimi nitakumbuka yote? Jibu swali langu," na Tibbs hakujua kama kweli amesahau au anamwachia nafasi, na ukutani kijana akasimama tena katikati ya uwanja, mpira ukapita tena, lakini safari hii Maslanka hakusimamisha video pale iliposimamishwa awali, iliendelea, labda kidole kilichelewa, na Tibbs akaona kilichofuata ambacho hakuwa amekiona, beki anakimbia na mpira, jukwaa zima limesimama, midomo imefunguka kumzomea kijana, na kijana amesimama pale pale, mvua inamshuka kwenye kofia, na hakuinua mikono. Hakumnyooshea mrushaji kidole. Hakugonga kofia kichwani kuonyesha nani hakutumia akili. Alimwangalia tu mwana wa kocha akija na kichwa chini, akamgonga bega, wakatoka pamoja. Na hapo mfupa wa samaki ukageuka ndani ya Tibbs, ukachoma mahali pengine kabisa, kwa sababu vidole vile vya kudakia angevisamehe, na nyonga, hata huko kutoongeza kasi, vitu hivyo Mungu anagawa na kunyang'anya, kila mtu na zamu yake, lakini hili halikuwa la miguu, hili yeye hakuwahi kuwa nalo, hata alipokuwa na umri ule na dunia nzima mbele yake, yeye alinyoosha kidole, kila mara, Jumapili baada ya Jumapili, mikono juu, ili watu elfu sitini wajue kosa si lake, Denita aliwahi kumwambia, "Ukiwa sahihi unachosha," naye alidhani anatania... kwa hiyo si kwamba kijana anacheza kama alivyokuwa anacheza yeye, Denita amekosea, hawajawahi kufanana, na wivu ambao kwa saa nzima ulikuwa mdogo na wenye haya ukasimama wima ndani yake, mkubwa, karibu wa heshima, akaona wazi kwamba akinyamaza hatautibu, utakwenda Cleveland na kijana, atakaa kwenye kochi kila Jumapili akimtazama mtu huyo akikosewa na kunyamaza, akikosewa na kugonga watu mabega, bila kujua anafanyaje, na hicho asingeweza kukivumilia, kumtazama kwa mbali, alimtaka hapa, kiti cha pili, amwone asubuhi akivaa viatu, amwone akifokewa na Maslanka kwa kosa la mwingine, amwangalie uso kwa karibu, ajue kama ni kweli au ni picha tu, ajue hata kama itakuwa kambi moja, majira mamoja ya joto, hata kama baada ya hapo jina ni la kufutwa, na hakuhisi kuwa mtu mwema, alihisi njaa... "Mzee," Maslanka akasema, "juu wananisubiri," barafu imeyeyuka yote sasa, soksi imelowa hadi kisigino, video imerudishwa tena, ukutani kijana amegandishwa katikati ya hatua, kabla hajasimama, na Tibbs akaweka kikombe chini, akasogea mbele, akanyoosha mkono gizani hadi kivuli cha kidole chake kikaangukia kwenye picha, si juu ya kijana, juu ya beki wa mwisho, "Mwangalie huyu," akasema, "anaelekea wapi?" na Maslanka akasogea pia, kiti kikalia, akasema polepole, "Anarudi nyuma."