Barabara Ndani ya Jani

"Hii barabara inakwenda wapi?"

"Si barabara, afande. Ni mshipa wa jani la kahawa."

Konstebo Ndambuki aliitazama picha, akamtazama Absalom, akairudia picha. Alikuwa Mkamba mnene, mpole wa sauti, na uvumilivu wake ulikuwa unakaribia kumwishia. "Fundi, jani mimi nalijua. Jani ni kitu kidogo. Hii hapa ni nchi nzima."

Askari wawili mlangoni wakacheka. Absalom naye akataka kucheka, akaona haifai. Nje, kwenye ua wa kituo cha Ruiru, lori la kambi ya kizuizini lilikuwa limeegeshwa kivulini, na ndani yake, nyuma ya wavu, aliketi Kang'ethe, mkata matawi wa shamba la kahawa, akisubiri kujua kama picha ile ni jani au ni ramani. Ikiwa ni jani, atashuka. Ikiwa ni ramani, ataondoka na lori kabla jua halijapinduka.

Enzi hizo za Hali ya Hatari serikali ilizipenda picha zetu kupita kiasi. Mkikuyu hakutoka getini bila pasi, na pasi haikuwa pasi bila uso wake: kichwa wazi, mbele ya shuka, usicheke. Kazi ya Absalom katika duka la mzee Gurbachan pale Thika ilikuwa kuwapanga watu ukutani na kuwaambia wasicheke. Yeye alikuwa Mluhya. Alijiambia mambo haya hayamhusu. Wengi tulijiambia hivyo, na leo tunajifanya hatukusema.

Nyuso zikamchosha. Siku moja alichukua lenzi ya kamera ya sinema iliyovunjika, akaigeuza nyuma mbele, akaifunga kwa utepe kwenye mkebe wa tumbaku, na mkebe akaubandika kwenye kamera kuukuu yenye kioo cha ukungu nyuma yake. Lenzi ile ilitengenezwa kutazama mbali. Ukiigeuza, inatazama karibu, karibu kabisa, upana wa kidole tu. Kang'ethe alikuwa amekuja kupigwa picha ya pasi, jani limenasa kwenye koti lake. Absalom akalichomoa, akalimulika kwa kioo cha kunyolea, akalipiga. Kang'ethe aliporudi kuchukua uso wake akapewa na jani juu yake, bure. Akalitia ndani ya pasi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wakafungua pasi, jani likaanguka, na nyuma yake palikuwa na muhuri wa duka.

"Nenda na mashine yako uwaonyeshe," mzee Gurbachan alikuwa amemwambia asubuhi ile. "Mimi kazi yangu ni uso tu. Umesikia? Uso tu. Nina watoto mimi."

Inspekta akaingia, kijana wa Kizungu aliyeungua pua. Absalom akaomba ruhusa, akachuma jani kwenye mti wa kahawa kando ya ua, akalisimamisha mbele ya mkebe, akakielekeza kioo cha kunyolea juani.

"Tazama hapa nyuma, bwana."

Inspekta akajifunika kitambaa cheusi. Kisha akaruka nyuma kama aliyepigwa teke, kofia ikaanguka. Kitu kikubwa kama ng'ombe kilikuwa kinatambaa juu ya mshipa.

"Ni kidukari tu, bwana, kijidudu cha majani. Haumi."

Ndambuki akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Mambo yangeishia hapo. Absalom alishaanza kumtafuta Kang'ethe kwa macho, amwashirie kwamba yameisha. Lakini inspekta aliokota kofia yake bila kutabasamu.

"Kwa nini hii iko juu chini?"

"Lenzi inapindua kila kitu, bwana."

"Kila kitu?" Akaichukua picha, akaigeuza kichwa chini, akaenda nayo hadi kwenye ramani ya ukutani. "Ah! Hii mto Chania. Hii Theta. Hii hapa, Ruiru. Na hii doti-doti?"

"Ugonjwa, bwana. Kutu ya majani."

"Kutu! Hii iko nyumba ya magaidi."

Absalom akasogea amwonyeshe kosa lake. Akatazama picha, akatazama ramani. Mito ilikuwa imekaa palepale. Jani alilolishika kwa mkono wake, akalisafisha mwenyewe gizani kwenye dawa, sasa lilikuwa linateremka kutoka milimani, na mabonde yake, na njia zake. Akapepesa macho ili lirudi kuwa jani. Halikurudi.

"Huyu Kang'ethe nachukua hii, nasema nini?"

Kang'ethe alikuwa amesema kitu. Aliweka kucha yake yenye utomvu juu ya mshipa mmoja mwembamba, akasema, "Hapa ndipo kwetu, ndugu yangu, kabla hawajatufukuza." Je, alicheka? Absalom alijaribu kukumbuka kama alicheka. Mwaka mzima alikuwa anawaambia watu wasicheke, na sasa maisha ya mtu yalining'inia kwenye kicheko asichokikumbuka.

"Alisema ni zuri," akajibu.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, bwana."

"Kama wewe danganya mimi, wewe panda lori pamoja na yeye."

"Ndiyo, bwana."

Ndambuki aliandika maneno hayo polepole, kisha akamsukumia kibao cha wino. "Weka kidole."

"Naweza kutia sahihi, afande. Najua kuandika."

"Kidole, fundi. Siku hizi kila mtu anajua kuandika."

Absalom akabonyeza dole gumba kwenye karatasi. Nje, dereva akawasha lori. Kang'ethe alisimama, akaushika wavu kwa mikono miwili, akiutazama mlango wa ofisi.

Inspekta akaibandua lenzi kwenye mkebe, akainama juu ya alama ile ya kidole, wino ukiwa bado mbichi. Akasogea karibu. Karibu zaidi, akiufuata mstari mmoja mmoja kama alivyoifuata mito. Lori lilinguruma, hakuna aliyeliambia liende wala likae. Kisha, bila kuinua kichwa, inspekta akanyoosha mkono wa kushoto, akaanza kupapasa mezani akitafuta penseli.