Mimba Aliyosingiziwa Mwanaidi

Mwanaidi alitapika shambani kwake Kinole, juu ya mananasi aliyoyakata asubuhi ile. Matapishi yalichuruzika katikati ya majani yakinuka nyongo, na nzi wakafika kabla hajajifuta mdomo. Kichwa kilikuwa kinampasuka upande wa kulia, kuanzia kwenye nyusi mpaka kisogoni.

Shemeji yake Said, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akipita na wenzake. Hakuuliza anaumwa nini. Alimtazama tumboni.

"Shemeji, mimba hiyo ya nani? Kaka si yuko kaburini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwanaidi aliyaona mate yakimeta pembeni mwa mdomo wa Said, akatapika tena.

Hadi jioni neno lilikuwa limeenea. Wanawake waliokuja kumpa pole walimpapasa tumbo wakijifanya wanamfunika khanga. Mikono yao ilimtia kinyaa kuliko ndoo ya matapishi iliyokuwa kando ya kitanda. Alimeza dawa za maumivu, zikarudi zote.

Binti yake Asha, mwalimu mjini Morogoro, alipanda Kinole kesho yake.

"Shikamoo mama. Huko njiani watu wanasema..."

"Najua wanachosema. Funga dirisha, mwanga unaniua. Jana hata taa niliiona imezungukwa na rangi kama za upinde wa mvua."

Asha akamwinua kidevu. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, mboni imeingia ukungu.

"Fumba la kushoto. Unaniona?"

"Naona moshi tu."

Wakateremka mjini hospitali. Daktari wa macho alimpima, akakunja uso.

"Mama, presha ya jicho imepanda mno. Hiyo ndiyo inayokupasua kichwa na kukutapisha. Mngewahi jana."

Alipewa dawa za matone na sindano, kisha akapigwa miale ya leza macho yote mawili, la kushoto lisije likapatwa pia. Kichwa kilitulia. Jicho la kulia likabaki la kuona vivuli.

Aliporudi Kinole, Said alikuja na mkungu wa ndizi. Akamshika mkono kwa viganja vyake viwili, vimelowa jasho.

"Pole shemeji. Sisi tulikuwa tunatania tu."

"Ulinitazama tumbo, Said. Ungenitazama usoni, ungeliona jicho."

Said akacheka kidogo, akigeuka kutafuta wa kucheka naye. Alikuwapo Asha peke yake, naye hakuwa akicheka.

"Asha, mrudishie ndizi zake," Mwanaidi alisema. Akatoka uani, akajimiminia maji, akauosha ule mkono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko.