Aliyelala Nyuma ya Darasa

Mwalimu Chaki, kama wanafunzi wa chuo cha mifugo walivyombandika jina, aliambiwa na mkuu wa chuo kwamba mkaguzi anakuja Jumatatu. Asiyefundisha kwa picha na sauti, mkataba wake hauongezwi. Chaki alikuwa na binti bado anasoma, na kazi nyingine haijui. Hakubisha.

Jumamosi mkewe akashika simu, akamrekodi uani akifundisha mafua ya kuku. Kuku walimpa ushirikiano. Mmoja hata alikohoa pale pale palipotakiwa. Katikati ya somo Chaki akakunja uso, akanyoosha kidole kwenye kamba ya nguo.

"Wewe uliyekaa nyuma! Umekuja kulala? Toka nje!"

Mkewe akashusha simu. "Baba watoto, unamfukuza nani? Suruali yako?"

"Ndivyo ninavyofundisha. Nikifika kwenye dalili, huko nyuma hapakosi anayekoroma."

"Basi umrudishe baadaye. Suruali yenyewe ndiyo ya kazini."

Akamrudisha, karibu na mwisho wa somo.

Jumatatu mapazia yakafungwa, picha ikawaka ukutani. Wanafunzi, kwa kumwogopa mkaguzi, walikodoa macho kama bundi. Mkaguzi mwenyewe, mtu wa tai na kitambi, akachagua kiti cha nyuma kabisa. Alikuwa ametoka kula. Somo lilipofika kwenye kamasi, kidevu chake kilikuwa kimeshalala juu ya tai.

Hapo Chaki akakumbuka. Akabonyeza rimoti aizime picha. Rimoti ikaongeza sauti.

"Wewe uliyekaa nyuma! Umekuja kulala? Toka nje!"

Mkaguzi akaruka, akasimama wima. "Samahani, mwalimu," akauambia ukuta. Akachukua mkoba wake, akatoka, akafunga mlango taratibu.

Hakuna aliyecheka. Wanafunzi walishazoea kuona watu wakitolewa, wakaendelea kuandika. Chaki akaanza kupanga chaki zake kwenye boksi, azirudishe stoo kwa heshima kabla hajafukuzwa.

Pembeni mwa pazia kikatokea kipara. Mkaguzi alikuwa dirishani, mikono nyuma, anasikiliza. Hakubanduka mpaka somo likafika kwenye chanjo.

"Haya, uliye nje, rudi," Chaki wa ukutani akasema. "Taja dalili."

Mkaguzi akaingia. "Kukohoa, kamasi, na uso kuvimba."

"Vizuri. Kaa mbele."

Akakaa mbele.

Mkataba ukaongezwa. Mkaguzi alimwambia mkuu wa chuo kwamba miaka yote ya ukaguzi hajapata kuona mtambo unaomjua mwanafunzi mmoja mmoja namna ile, na kila darasa lipatiwe kama huo.

Chaki akamsimulia mkewe. Mama akatoka uani, akaianua ile suruali iliyofukuzwa, akaipiga pasi.