Alama Iliyofutika Njiani

Wambeti alikuwa amezoea kuiota ile protini. Ndotoni ilimjia kama mwanamke aliyevaa kitenge, lakini kila alipomkaribia, maua ya kitenge yalikuwa yamepauka. Akiamka, maabara ya chuo pale Embu ilimwonyesha yaleyale.

Alichunguza jinsi migomba inavyovumilia kiu. Mgomba ukikosa maji, protini moja majanini hubandikwa alama ya fosfeti. Wambeti alisaga majani, akainasa protini hiyo kwa kingamwili zilizoshikizwa kwenye vishanga vidogo sana, kisha akaitafuta alama kwenye picha ya maabara, ambamo kila kilichonaswa huonekana kama mstari. Protini yenyewe ilitokea mstari mweusi tii. Alama ilitokea kama ukungu.

Aliongeza kingamwili, akapunguza kuviosha vishanga, wapi. Daktari Munyi, msimamizi wake, alimshauri kwa upole atafute mada nyingine. Wambeti akaomba muda kidogo. Alipopima maji ya majani yaliyosagwa, kabla ya kunasa chochote, alama humo pia ilikuwa hafifu. Kumbe vishanga havikuwa na kosa. Alama ilipotea mapema zaidi.

Akateremka Mitunguu kwa shangazi yake Ciakuthii, mwenye shamba la migomba hiyo, amebeba chupa ya nitrojeni ya kimiminika, baridi ya kugandisha jani papo hapo. Alasiri ilikuwa nzito, jua likichujika kijani kupitia majani. Alikata jani, akabaki amelishika. Utomvu ulimchirizikia kiganjani, vuguvugu, na akahisi kana kwamba jani linapumua.

"Mbona umeduwaa, mwanangu?" Ciakuthii akauliza.

"Jani bado liko kazini, shangazi. Nikilibeba hadi Embu, linajifuta alama njiani."

Shangazi hakuelewa, ila alimshikia chupa. Nusu ya jani waliigandisha palepale, mvuke mweupe ukiwatambalia miguuni. Nusu nyingine ikaingia mkobani kama siku zote. Maabarani zote mbili zilisagwa sawasawa na kutiwa dawa ya kuzuia vimeng'enya vinavyobandua fosfeti.

Picha ilipotoka, mistari miwili ya alama ilikaa ubavu kwa ubavu: wa nusu ya mkobani ukungu, wa nusu iliyogandishwa mweusi, umekolea.

Munyi aliinamia picha, akaugusa mstari uliokolea kwa kidole.

"Ile mada nyingine," akasema, "tuiache."

Wambeti alicheka, akashangaa kukuta mashavu yake yamelowa. Akatoka nje, akatembea polepole katika manyunyu bila kujua anakokwenda, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuwaza chochote.