Waridi la Begani

Mpiga pasi wa meza ya dirishani alianza na kola, kama wapiga pasi wote wanaoijua kazi yao. Kola kwanza, kisha mabega, mikono na mgongo. Mbele huja mwisho, kwa sababu ndiko watu wanakotazama. Alifanya kazi hiyo katika duka la dobi lililobanwa kati ya kinyozi na duka la viatu, na daima alivaa blauzi ya mikono mirefu, hata siku ambazo mvuke ulitiririka kwenye vioo na wenzake wakabaki na vesti.

Blauzi ilificha alama nyuma ya bega la kushoto. Ilikuwa na ncha juu na upana chini, umbo la pasi kabisa. Siku moja mumewe alikuta kikunjo kwenye kola ya shati lake, akamnyang'anya pasi, akamwonyesha jinsi ya kuikandamiza. Huyo mume alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, mcheshi, kipenzi cha mtaa, mtu wa kutengeneza birika la jirani bure na kulirudisha likiwa limesuguliwa linang'aa.

Dukani ikasemwa ni ajali ya kazini. Meneja alisikitika kwa dhati. Alileta dawa ya kupaka, akabandika ukutani karatasi iliyosema PASI NI MOTO. Mama Mvuke, mpiga pasi mkongwe wa meza ya pili, aliisoma karatasi ile akaguna. Wapiga pasi huungua vidole, na mkono chini ya kiwiko. Hakuna aliyewahi kujipiga pasi mgongoni. Mwanamke wetu alingoja aulizwe. Jibu alikuwa nalo tayari, amelibana mdomoni kama pini za kushonea, na alitamani mno mtu amwambie alitoe.

Mama Mvuke alimaliza kukunja shuka.

"Ghorofani, juu ya duka la viatu, kuna mchora tatuu," alisema. "Ana mkono mwepesi."

Mchoraji alikuwa mwanamume mwenye miwani minene aliyependa kusikiliza redio kwa sauti ya chini. Aliitazama alama, akaizungusha taa, akauliza anataka nini hapo.

"Waridi. Liwe kubwa."

"Na miiba?"

"Hapana. Mume wangu asije akajichoma."

Mchoraji akachora waridi na kitawi chake na majani, bila mwiba hata mmoja. Hakuuliza lingine.

Asubuhi iliyofuata, mvuke ulipopanda kutoka meza ya dirishani, waridi lilichanua. Petali zilijikunjua moja moja kwenye ngozi, na harufu ikajaa duka lote. Mama Mvuke alivuta pumzi.

"Limeshika," alisema, akaendelea na suruali yake.

Kuanzia hapo, blauzi za mikono mirefu zikawa vitambaa vya kufutia meza. Mwanamke alishona gauni lisilo na mikono, akalivaa kazini, akapita nalo barabarani bega wazi, na mabadiliko yakaonekana hata kwa waliokuwa wamezoea kutomwona. Mgongo ulinyooka. Wateja waliokuwa wakimtupia nguo bila salamu walianza kumwita Bi Waridi na kumuuliza hali. Alimwambia meneja kwamba feni imekufa tangu enzi na enzi na kwamba yeye hapigi pasi tena mpaka ifufuke, na feni ikafufuka. Kinyozi wa jirani alijikata kidole akimtazama. Yeye mwenyewe alisimama mbele ya kioo cha duka la viatu, akajiona mzuri, akafurahi waziwazi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Mumewe naye alimpenda upya. Alirudi nyumbani mapema, akaleta viatu vyekundu, akasema, "Siku hizi umekuwa mwingine kabisa, mke wangu." Mwanamke alifurahi, tusidanganyane. Kulikuwa na jambo dogo tu: ufunguo wa mume ulipogusa kitasa, waridi lilijifunga. Petali zilikunjamana, harufu ikakatika, na mume akaingia akakuta tumba. Alidhani ndivyo lilivyochorwa. Alikuwa akilipapasa na kusema kwamba tumba lina heshima yake kuliko ua lililojiachia.

Mama mkwe alipokuja kutembea alianza kufoka tangu mlangoni.

"Mtu na akili zake anajichora mwili kama ukuta wa stendi! Mwanangu amekubali?"

"Amelipenda, mama."

"Atapenda nini tena huyo!" Kisha akainama, akanusa. Mwanawe alikuwa kazini na waridi lilikuwa wazi. Mama mkwe alinusa kwa muda, kikombe cha chai kikimpoa mkononi. Mwisho akarudishia mlango, akafungua vifungo vya gauni, akaonyesha ubavu wake. Palikuwa na kovu refu, la zamani, limeshakuwa jeupe. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa seremala.

"Litakubali hapa?" aliuliza. "Ngozi yenyewe imezeeka."

Mkwewe alichukua kimkasi cha kukatia nyuzi, akakata kichipukizi pembeni mwa bega lake. Kililala kiganjani kama uzi uliolowa wino. Wakapanda pamoja ghorofani, mchoraji akakipandikiza ubavuni, akakifunga kwa plasta. Njiani kurudi walizungumza habari za ngazi zile, kwamba ni mbaya kwa magoti. Walipofika nyumbani mama mkwe alimshika mkono.

"Ila usimwambie mwanangu. Ataumia akijua baba yake alikuwa hivyo."

Mwanamke akasema hatamwambia. Moyo ulimuuma sana, akaenda kuosha vikombe.

Habari za chipukizi zilienea kama habari zote za wanawake, kwenye kamba za kuanikia nguo. Mke wa mwalimu alikuja, akainua nywele za kisogoni. Mwuza vitambaa akaonyesha paja. Muuguzi, ambaye kila siku huuliza watu wameumiaje, alionyesha nyuma ya sikio na yeye hakuulizwa kitu. Kila mmoja alisema neno moja, "Hapa," na mwenye waridi akakata kichipukizi. Mama Mvuke alikuja wa mwisho, siku ya mapumziko. Alivua blauzi na kugeuka, na mgongo wake mzima ulikuwa umepangwa alama za pasi, za ncha nyembamba za zamani na za ncha pana za kisasa.

"Panda popote utakapoona panafaa," alisema.

Basi mtaa ukanukia. Wapita njia walipunguza mwendo. Wakaguzi wa usafi wa mji, ambao hupita mchana kama wakaguzi wote, waliandika kwamba hawajakutana na harufu kama ile popote, na mtaa ukashinda kikombe cha usafi.

Sherehe ilifanyika Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Walioitwa jukwaani walikuwa wakuu wa kaya, na fundi umeme akachaguliwa kusema kwa niaba yao, kwa kuwa anajua kuchekesha. Shati lake jeupe lilipigwa pasi na mkewe tangu alfajiri. Wanawake walikaa viti vya nyuma, magauni mazuri, mabega wazi, matumba yote yamefungwa. Mgeni rasmi alivuta pumzi mara mbili, akasema labda upepo leo umegeuka.

"Watu wanatuuliza siri yetu," alisema fundi kwenye kipaza sauti. "Hakuna siri. Kitu kizuri ukikitunza, kinanukia chenyewe!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mama mkwe alipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu alikuwa mwanawe.

Nyumbani, fundi alikiweka kikombe juu ya kabati, akakirekebisha kidogo kishikilio kitazame mlango. Akavuta hewa puani.

"Hivi kweli mtaa huu unanukia?"

"Wanasema," alijibu mkewe.

Akavua shati. Akaligeuza, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Nyuma ya kola, pale ambapo kiti cha jukwaani kilikuwa kimeibana, palikuwa na kikunjo.

"Watu wote wale walikuwa wananitazama," alisema kwa upole, akachomeka pasi.

Jumatatu mwanamke alifika kazini kwa wakati. Bega la kushoto lilikuwa wazi na zuri kama kawaida, la kulia alilifunika kwa mtandio. Karatasi ya PASI NI MOTO ilikuwa bado ukutani, imejikunja pembe kwa mvuke. Mama Mvuke alimsogezea kiti.

"Mchoraji anafungua saa tatu," alisema.

Wanaume walikuwa wameshakwenda kazini. Mtaa ulikuwa umeanza kunukia.