Kupima Juu ya Blauzi

"Thelathini na moja," Celestine alisema hata kabla ya kuketi. "Mashine ya Reena imesema thelathini na moja, Tata. Wewe uliniambia thelathini na sita."

Jasper alikuwa anafuta koleo lake la plastiki, lile la kubania ngozi ya mtu ili ajue mafuta yaliyo chini yake ni kiasi gani. Lilikuwa safi, lakini aliendelea kulifuta. Kwa miaka tisa hapa Kisii mjini, aliyetaka kujua asilimia ya mafuta mwilini mwake alipanda ngazi kuja kwenye jimu yake. Sasa duka la dawa la Reena, hapo chini tu, lilikuwa na mashine. Unavua viatu, unapanda, unashika vipini, namba inatokea. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

"Walimu wenzangu ishirini wameniachia nichague," Celestine aliendelea. "Ni wewe ama mashine. Tunaanza kupimwa Jumatatu."

Bila hao ishirini jimu ingefungwa, na wote wawili walilijua hilo. Wivu ulimchoma Jasper.

"Tukutane kwa Reena kesho asubuhi," alisema. "Utaona mwenyewe."

Kesho yake alishuka dukani kabla ya chai, akapanda mashine mbele ya Reena. Ishirini na mbili. Akatoka nje, akanywa chupa mbili kubwa za maji bila kupumzika, akangoja mpaka Celestine afike, ndipo akapanda tena. Ishirini na nne. Tumbo lilimuuma, lakini moyo wake ulikuwa unacheza ngoma.

"Nimenenepa kwa dakika kumi, Reena?" aliuliza kwa sauti. "Ama maji siku hizi ni mafuta?"

Reena alizaliwa huku huku Kisii na hakuwa mtu wa kubabaishwa. "Karatasi yake inasema mtu apimwe kabla ya kunywa chochote. Inapitisha umeme kidogo mwilini, halafu inakisia. Hata koleo lako linakisia, Bwana Jasper."

"Koleo langu halidanganywi na chupa ya maji."

"Lakini linadanganywa na blauzi," Celestine alisema polepole, macho chini.

Jasper alijua ni kweli. Celestine aliolewa na mtoto wa binamu ya Jasper, kwa hiyo kwake alikuwa mke wa mwana, akimwita Tata, yaani baba, na kati yao kulikuwa na ensoni, ile aibu ya heshima ambayo Mgusii hufundishwa kabla ya kufundishwa kuhesabu. Tumbo la mke wa mwana huligusi. Miaka miwili alimpima juu ya blauzi, na siku za baridi juu ya sweta, akitangaza namba bila kupepesa macho. Kitambaa nacho kilihesabiwa mafuta. Na katika wale walimu ishirini, nusu nao kwake walikuwa wake za wana.

"Sikulaumu, Tata. Singeweza kukufunulia," Celestine alisema. "Lakini nimelala njaa kwa sababu ya sweta."

Aibu ilimshika, na wivu haukumwachilia. Alivitazama vidole vya Reena, vyembamba, vilivyozoea kuhesabu vidonge. Kisha akatoa koleo mfukoni.

"Shika," alimwambia.

Akamfundisha kwenye mkono wake mwenyewe. Bana ngozi kwa vidole viwili, ivute, weka koleo, ngoja kidogo, soma. Reena alielewa mara moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wanawake wakaingia nyuma ya pazia. Jasper akabaki upande huu, akisikiliza koleo lake likilia *tak*, na Reena akisoma namba. Alizijumlisha kichwani na kuzigeuza asilimia. Thelathini na tatu. Haikuwa yake, wala haikuwa ya mashine.

"Rudia mara tatu, mahali pale pale," aliliambia pazia.

"Hii ndiyo ya tatu," Reena alijibu.

"Mkono wako ni mwepesi," Celestine alimwambia Reena, akicheka. Kisha akapaza sauti kidogo. "Tata, nimechagua. Jumatatu itakuwa hivi hivi. Koleo lako, mkono wa Reena."

"Sawa," Jasper alisema.

Koleo likalia tena. Alipotazama chini, aliona vidole vyake viwili vimebana hewa, vinangoja.