Kichuma cha Karna

Wiki moja baada ya kumzika mkewe, Preben Kjærgaard aliweka sidii ya okestra ya mji kwenye deki, akakaa kwenye kiti chake cha ngozi, akamsubiri Karna apige kichuma chake. Karna hakupiga.

Akarudisha wimbo nyuma, akaongeza sauti kidogo. Zumari zikaingia, fidla zikafuata, ngoma kubwa ikaguruma pale inapoguruma siku zote. Mahali pa mkewe, kati ya fidla na tarumbeta, pakapita patupu. Akajaribu tena. Patupu.

Kichuma chenyewe ni kile cha pembe tatu, kinachoning'inizwa kwa uzi na kugongwa kwa kijiti cha chuma, kikatoa sauti moja nyembamba inayobaki hewani muda mrefu. Karna alikuwa karani wa manispaa, na kila Jumanne jioni alikwenda mazoezini kusimama nyuma ya wenzake na kichuma chake. "Wenzangu kazi yao kupiga," alizoea kusema, "mimi kazi yangu kusubiri." Kisha anacheka mwenyewe. Hakupenda kurekodiwa hata kidogo. Simu ikimtaka aache ujumbe, anakata. Kwa hiyo alipofariki, kitu pekee kilichobaki cha kumsikia ni sidii ile, waliyoirekodi kanisani mwaka ambao binti yao Sidsel alimaliza shule. Milio michache tu, basi. Preben aliijua yote kwa moyo, na sasa haikuwepo.

Kwetu huku Jutland ya magharibi, mwanamume akifiwa halii mbele za watu. Anatafuta kitu cha kutengeneza. Preben, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha maziwa, hakuhitaji kutafuta mbali.

"Deki imechoka," alimwambia rafiki yake Villy kwenye simu. "Imeanza kupoteza sauti za juu."

Deki ilikuwa ya Kijapani, nzito kama mfuko wa saruji, na aliipenda kiasi cha kuudhi. Aliifungua kwenye meza ya kulia chakula. Akaanza na kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunzia umeme, kwa sababu vikizeeka hukauka na sauti za juu ndizo hutangulia kufa. Aling'oa vya zamani kimoja kimoja, akalehemu vipya kutoka Ujerumani, akarudisha kifuniko, akakaa kumsubiri Karna. Kimya. Akabadili chipu zinazoikuza sauti kabla haijatoka nje. Kimya. Akabadili na kile kifuwele kinachoipimia deki mwendo wake, maana kikiyumba kidogo tu sauti nyembamba hutawanyika. Akaihamishia transfoma kwenye boksi lake lenyewe ili isivume karibu na muziki. Akabandika lami chini ya bati lisitetemeke.

Majira ya baridi yote yaliishia juu ya meza ile. Preben akawa anakula amesimama jikoni, viazi vya kuchemsha na mkate mweusi wa juzi. Kengele ya oveni nayo ikaharibika kipindi hicho hicho; haikulia tena, na mara kadhaa alikumbuka chakula baada ya kusikia harufu ya moshi. Alisema ataitengeneza akishamaliza deki.

Mwezi wa pili Villy alikuja na keki. Hawa wawili walikuwa wakisikiliza muziki pamoja tangu ujana wao, na kwa kubishana juu ya spika hawakuwa na mpinzani wilaya nzima.

"Aisee!" Villy alisema, amefumba macho. "Umeifanya nini hii? Juu kule, bwana, ni hewa tupu! Kama mtu amefungua dirisha."

"Unaisikia hiyo hewa?"

"Kwani mimi kiziwi?"

"Na Karna? Umemsikia Karna?"

Villy akafumbua macho, akaitazama keki. "Pale baada ya fidla?"

"Pale pale."

"Nadhani… kwa mbali. Ila Preben, hizo waya zako za spika ni za enzi za babu. Zinameza. Badilisha waya uone."

Preben akabadilisha waya. Alizinunua nene kama kidole gumba, akazilaza juu ya vigogo vya mbao zisiguse sakafu, jambo ambalo Karna angelicheka mpaka ashike ukuta. Halafu akasikiliza. Fidla, tarumbeta, na katikati yake hakuna mtu.

Mwezi wa tatu Sidsel alikuja kutoka Aarhus, mji anakoishi. Alitia mikate midogo kwenye oveni, akaanza kuhamisha vyuma na misumari ili apate pa kuweka vikombe. Baadaye kidogo akasema, "Baba, oveni inalia."

"Haiwezi. Imeharibika."

Sidsel akaenda akaizima. Alirudi na mikate, akamtazama baba yake kwa muda.

"Kaa hapo kwenye kiti changu," Preben alimwambia. "Sikiliza, uniambie kama kuna kilichobaki cha kurekebisha. Mimi nimefika mwisho wa akili."

Sidsel hakuwahi kuwa na subira na sidii ile. Alipokuwa msichana alikuwa akitoka chumbani ikiwekwa. Wimbo ulipoanza alikunja uso. "Mbona kali hivi? Inachoma masikio." Kisha fidla zikaingia, zikapita, na Sidsel akaweka kiganja mdomoni. Machozi yakamtoka papo hapo, bila hodi.

"Nini?"

"Mama."

"Wapi?"

"Hapo, sasa hivi. Na hapo tena."

Preben akazima deki. "Usinihurumie, Sidsel. Nimekaa na mashine hii msimu mzima. Hapo hakuna kitu."

"Sikuhurumii. Rudisha nyuma. Nitafumba macho, na kila nikimsikia nitanyoosha kidole."

Akarudisha. Alisimama mbele ya binti yake, akihesabu mapigo kimoyomoyo kama alivyokuwa akihesabu Karna jukwaani. Kidole kikanyooka pale pale. Kikashuka. Kikanyooka mahali pa pili, kisha pa tatu, pale ambapo hakuna anayepajua isipokuwa mpigaji na mumewe.

"Basi deki imepona," Preben alisema polepole. "Itakuwa mimi nakaa vibaya. Villy naye alisema anasikia."

"Villy ana umri gani, baba?"

"Tumezaliwa mwaka mmoja."

Wakatazamana, na kicheko kikawaponyoka wote wawili, kifupi, cha pua. Kisha Preben akaacha kucheka. Akaitoa sidii kwenye deki, akaishika kwa kingo zake kama kawaida yake, akatoka nje bila koti.

Gari la Sidsel lilikuwa dogo, lina makombo na viatu vya mazoezi kiti cha nyuma, na spika moja mlangoni ilikuwa ikikoroma. Walikaa mbele, milango imefungwa. Preben aliisukuma sidii ndani kwa mkono wake. Muziki ulitoka kama unapigwa ndani ya ndoo. Hakuutazama mdomo wa redio, alimtazama Sidsel.

"Anasikika?"

Sidsel akatikisa kichwa kukubali.

"Hata humu?"

"Hata humu, baba. Vizuri kabisa."

Iliuma kuliko siku ya mazishi. Siku ile Karna aliondoka kwa wote, wakasimama makaburini wote wamempoteza sawasawa. Leo alikuwepo kwa kila mtu. Alikuwepo ndani ya gari bovu, na angekuwepo kwa mpita njia yeyote mwenye masikio mazima. Aliyemkosa ni mumewe peke yake. Preben aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha na kulia, mzee wa watu, kwa sauti, jirani akipita na mbwa wake.

Waliporudi ndani alikwenda moja kwa moja kwenye droo ya kabati la sebuleni. Kichuma kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa cha jikoni, na kijiti chake pembeni. Akakishika kwa uzi, akakigonga. Alisikia mgongano tu, kama kijiko kilichogusa meza. Lakini macho hayakumdanganya. Chuma kilikuwa kinatetemeka.

"Kinalia?"

"Kinalia."

"Bado?"

"Bado, baba."

Akanyoosha kidole, akakigusa. Mtetemo ukampanda kidoleni, mdogo, hai, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu afiwe. "Huyu hapa," alisema. "Huyu hapa, Sidsel!" Ndipo alipouona uso wa binti yake. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa.

"Nimekizima kwa kidole."

"Si kitu, baba. Gusa tu. Nitakigonga tena, uguse tena."

Preben akamkabidhi uzi na kijiti. "Gonga," alisema. "Sitagusa."

Akakaa kwenye kiti chake cha ngozi, akaibana mikono yote miwili chini ya mapaja kama mtoto aliyeonywa. Sidsel akagonga. Akainamisha kichwa kidogo, akisikiliza, na Preben akamtazama usoni mpaka alipoona kwamba sauti imekwisha.